Nina duka Buza: anayenunua sukari ya mia mbili ndiye anayenilipia kodi ya fremu

Muuza_Duka_Buza:
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la rejareja huku Buza, Temeke, huu mwaka wa tisa. Juzi nilikuwa nafunga hesabu za mwezi nikajiuliza kitu ambacho sijawahi kujiuliza: faida yangu hasa inatoka kwa nani? Siku zote nilidhani ni wale wanaosimamisha gari wakabeba katoni ya maji na mchele kilo kumi. Nikapiga hesabu mara mbili, sivyo kabisa.

Sukari nauza kilo 3,000. Lakini kwenye kilo moja natoa vifuko 18 vya mia mbili mbili, yaani 3,600. Mafuta ya kula, ukija na chupa yako lita ni 6,000. Ukija na jero (mia tano) natumia kikombe changu kidogo, na lita moja inatoa vipimo 14. Hiyo ni 7,000. Pampasi, pakiti ya 40 ni 14,000, sawa na 350 kila moja. Ukija saa tatu usiku mtoto analia unataka moja tu, ni 500. Simwibii mtu. Kufunga vifuko ni kazi, mafuta yanamwagika, na mzigo unaouzwa kidogo kidogo unakaa kwenye rafu muda mrefu. Ila ukweli ndio huo: wenye hela kidogo ndio wananilipa bei ya juu.

Sasa nikamchukua mteja wangu mmoja, mama anayeuza chai na chapati hatua kama ishirini kutoka dukani. Ananunua kwangu kila alfajiri kwa hiyo najua hesabu zake kuliko anavyozijua mume wake. Kwa siku anatumia mafuta nusu lita kwa vipimo saba (3,500), sukari nusu kilo kwa robo robo (1,700) na mkaa makopo mawili (4,000).

Angekuwa na uwezo wa kuchukua dumu la lita 20 kwa 104,000, nusu lita ingemgharimu 2,600. Gunia la mkaa 90,000 mimi natoa makopo 62, kwa hiyo makopo yake mawili ni kama 2,900. Sukari kwa kilo, 1,500. Jumlisha tofauti: kama 2,200 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni 57,200. Na faida yake kwa siku nzuri haizidi elfu kumi.

Dumu na gunia kwa pamoja ni 194,000. Hizo hela huwa anazo mkononi mara mbili tu kwa mwaka, na zote mbili ni za kodi ya chumba miezi sita.

Nimekuja kuuliza, hivi nyie wenzangu kwenye shughuli zenu mnaona hivi hivi, au ni duka tu?

kahawa_chungu:
Uzi wa toba huu. Nimevuta kigoda.

Mzee_wa_Nidhamu:
Mleta mada usitutie huruma. Umaskini unaanzia kichwani. Huyo mama akiweka 500 tu kila siku kwenye kibubu, ndani ya mwaka mmoja na kidogo ana hiyo 194,000. Lakini ukimfuata utakuta ana sare ya harusi ya mwezi huu, kitenge cha mwezi ujao, na simu kubwa ya kuangalia tamthilia. Mimi nilitoka Singida na begi moja la rambo, leo nina nyumba. Hakuna aliyenipimia mafuta.

Muuza_Duka_Buza:
Mzee wangu shikamoo. Kibubu anacho, na kikoba anacheza. Kuweka anajua sana. Shida ni kwamba hela ikifika laki inakuwa inaonekana. Mwezi wa tatu ilikuwa msiba Kilwa, mwezi wa sita mtoto alilazwa. Mimi nikipata msiba nachukua kwenye mauzo ya wiki, duka linayumba kidogo linasimama. Yeye anakula mtaji wote, kesho yake anarudi kwangu na jero.

Halafu nikuulize kwa heshima: ulipofika Dar ulifikia kwa nani?

Mzee_wa_Nidhamu:
Kwa shemeji yangu, Ilala. Miaka miwili. Lakini nilikuwa nafanya kazi.

kahawa_chungu:
Miaka miwili bila kodi. Tuendelee.

Mkataba_wa_Damu:
Mimi ni bodaboda, naomba niongee lugha ninayoijua. Pikipiki niliyonayo, bosi aliitoa dukani kwa 2,900,000. Mkataba wangu ni 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima, ndipo pikipiki iwe yangu. Piga: siku 312 mara 12,000 ni 3,744,000. Tofauti ni 844,000 kwa kuwa tu yeye alikuwa na milioni tatu siku ile na mimi sikuwa nayo.

Hilo silalamiki sana, ni biashara. Kinachouma ni kwamba sina umiliki hata wa tairi mpaka siku ya mwisho. Mkataba wa kwanza, kwa bosi mwingine, nilipeleka hesabu miezi kumi. Nikaanguka, nikakaa na mguu wiki tano. Niliporudi pikipiki alishapewa mtu mwingine. Miezi kumi ikawa nimeendesha kama deiwaka, kibarua wa siku. Nikaanza mkataba upya kwa huyu wa sasa.

Kwa hiyo mzee anaposema kichwa, mimi kichwa changu kilikuwa sawa. Mguu ndio ulikuwa mbovu.

Mpangaji_Vyumba_Sita:
Ongeza umeme kwenye orodha yako mkuu. Mnajua kuna watu wakinunua LUKU ya elfu moja wanapata uniti 8.2 na wengine 2.8? Bei ya chini iliwekwa kwa ajili ya wanyonge: mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Wazo zuri. Sasa njoo kwetu Mbagala. Nyumba moja, vyumba sita, mita moja. Kila chumba taa mbili, simu, redio, mmoja ana kifriji. Peke yake hakuna anayefika uniti 75. Wote kwa pamoja tunapita mbali, kwa hiyo sote tunalipa bei ya mwenye jumba la kifahari. Mhandisi anayeishi na mkewe tu, mwenye mita yake na anapikia gesi, analipa uniti kwa theluthi ya bei yangu.

Na kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humo humo kwenye LUKU. Jengo la mwenye nyumba, kodi nakatwa mimi mpangaji nikinunua umeme wa elfu mbili. Ukimwambia mwenye nyumba anakuuliza kama umechoka kukaa.

Dada_wa_Ndoo:
Maji je? Sisi bomba halijafika mtaa wetu, dumu la lita 20 ni 300, wiki zikiwa mbaya 500. Madumu 50 ndio uniti moja ya maji, yaani lita 1,000. Kwa 300 ni 15,000. Dada yangu anakaa Sinza ana bomba, uniti hiyo hiyo kwenye bili yake haifiki 2,500. Akija kunitembelea ananishangaa kwa nini naoga na jagi.

Mjukuu_wa_Newala:
Mleta mada uliuliza kama ni duka tu. Njoo Kusini uone kangomba. Kwa wasiojua: kangomba ni kile chombo cha kupimia, lakini sasa ndio jina la biashara yenyewe. Miezi ya njaa kabla ya msimu, mtu ana mikorosho inachanua lakini ndani hakuna unga. Anakuja mwenye hela, anampimia kwa kangomba, bei anapanga yeye. Minada ikifunguliwa Oktoba, korosho zinapelekwa ghalani kwa jina la aliyenunua.

Mwaka 2018 bei za mnadani zilipogomewa, serikali ikatangaza itanunua kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kubeba. Wakasema wa kangomba hawatalipwa, kila mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba. Nia ilikuwa njema. Ila babu yangu alikuwa ameshauza zake tangu Julai kwa ajili ya matibabu ya bibi, kwa hiyo 3,300 aliisikia redioni kama ninyi.

Na msidhani stakabadhi ghalani imemaliza hili. Ghalani unapeleka mzigo leo, hela inakuja baada ya mnada na makato na kusubiri. Anayeweza kusubiri anapata bei. Asiyeweza anapimiwa.

Omwana_wa_Muleba:
Huko kwetu Kagera inaitwa butura. Kahawa inauzwa ikiwa ua mtini. Shule zinafunguliwa Januari, kahawa inaiva kuanzia Mei na Juni, sasa mtoto akae nyumbani miezi mitano? Unamwita mnunuzi anakuhesabia mibuni. Viongozi wakija wanapiga marufuku butura kila mwaka. Hawajawahi kupiga marufuku Januari.

Nafaka_Bungoma:
Ndugu zangu Wabongo, salamu kutoka Bungoma. Haya ni yale yale tu. Huku wakati wa mavuno kila mtu anauza mahindi, bei iko chini, kwa sababu ada na madeni hayangoji. Kufika Mei, Juni, mtu yule yule aliyeuza anarudi sokoni na mfuko mtupu kununua kwa gorogoro (kopo la kupimia), bei imepanda vizuri. Tumeuza rahisi tukanunua ghali, mahindi ni yetu wenyewe. Na kununua kidogo kidogo huku tunaita uchumi wa kadogo.

Kuna wachumi walifanya utafiti huku upande wa Webuye, kuanzia 2012, pamoja na shirika la One Acre Fund. Walichofanya ni rahisi: wakati wa mavuno wakawapa baadhi ya wakulima mkopo, na mahindi yakae kwao nyumbani. Mkopo ulikuwa na riba, si sadaka. Waliopewa walishikilia mahindi, wakauza bei ikipanda, na hata baada ya kulipa riba walibaki na faida. Kitu kilichonifurahisha zaidi: sehemu ambazo wengi walipewa, bei yenyewe ya soko ilitulia, haikushuka sana wala kupanda sana, hivyo hata jirani ambaye hakuchukua mkopo alifaidika. Wale wakulima hawakuongezewa akili, waliongezewa miezi.

Mzee_wa_Nidhamu:
Basi wakope. Mikopo imejaa kila kona, hadi kwenye simu.

Afisa_Mikopo_Mstaafu:
Hapa naomba niingie, kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja na nimeshabeba friji za watu, Mungu anisamehe.

Sikilizeni mikopo ya kausha damu inavyokwenda. Unaomba 100,000. Unarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30, jumla 135,000. Watu wanasema riba asilimia 35 kwa mwezi. Hapana, ni mbaya kuliko hapo. Kufika siku ya 15 umeshapeleka nusu ya marejesho. Kwa wastani ulikaa na kama nusu ya hela uliyokopa, kwa hiyo riba yenyewe inakaribia mara mbili ya hiyo.

Sasa mrudieni mama wa chapati. Akikopa 194,000 kwa masharti hayo, riba ni 67,900. Dumu na gunia vinamwokolea 57,200. Anapata hasara ya zaidi ya elfu kumi. Mnaona kwa nini hakopi? Amepiga hesabu, labda bila kalamu, na jibu lake ni sahihi.

Mtauliza mbona Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo za fedha. Ni kweli. Kwa riba hiyo angelipa kama 6,800 na kubaki na faida ya elfu hamsini. Tatizo liko ofisini. Riba ya 100,000 kwa 3.5 ni 3,500. Kumtembelea mteja mara moja tu kwa bodaboda, kwenda na kurudi, hela yote imekwisha. Fomu ni ile ile, afisa ni yule yule, iwe mkopo wa laki au wa milioni tano. Kwa hiyo meneja anasema laki tusiwape, tutafute wa milioni tano. Mwenye laki anaachiwa wale wa mtaani wasio na leseni, wanaofidia gharama kwa asilimia 35 na kwa matusi.

Nawaambia si kwa kuwatetea. Lakini ukishusha riba kwa tangazo bila kushusha gharama ya kumfikia mtu mdogo, unakuwa umemwondoa tu kwenye foleni.

Mama_Kikoba:
Asante baba afisa. Ndio maana sisi tunakopeshana wenyewe. Hakuna nauli, nikikuta hujaleta nakugongea mlango na kanga yangu.

kahawa_chungu:
Na ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri? Nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu?

Mama_Kikoba:
Tuliunda kikundi, tukafungua akaunti, tukaandika katiba. Ilikuwa 2023, mwezi wa nne ikasimamishwa nchi nzima kwa ajili ya vikundi hewa. Iliporudi mwaka uliofuata, wenzetu wawili walishahama mtaa. Tunaanza upya kutafuta watu watano wanaoaminiana. Hao hawapatikani kwa kutangaza.

Msomaji_wa_Usiku:
Uzi mtamu. Nina mawili.

La kwanza, ile 57,200 ya mleta mada. Mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, sawa na 1,644 kwa siku. Asilimia 26.4 ya watu wa Bara walikuwa chini yake, na Dar ilikuwa asilimia 8 tu. Bei zimepanda tangu hapo, najua. Lakini tazameni: anachopoteza mama huyu kwa kununua kidogo kidogo ni kiasi ambacho kingemtoa mtu mzima mmoja chini ya mstari ule. Na yeye kwa takwimu si maskini, yumo kwenye ile 92 ya Dar.

La pili ni la Bangladesh. Mwaka 2007 shirika la BRAC liliwapa wanawake maskini wa vijijini mali, wengi walichagua ng'ombe, na mafunzo juu. Wachumi wakawafuatilia miaka. Walichokuta ni kwamba ng'ombe ni yule yule lakini safari hazikuwa sawa. Waliokuwa tayari na kitu kidogo pembeni, tuseme banda au mkokoteni, walivuka wakaendelea kupanda. Waliokuwa hawana kabisa, wengi walirudi walikotoka, ng'ombe akaisha. Yaani kuna kizingiti. Ukimsukuma mtu akafika robo tatu ya njia, anateleza mpaka chini. Nikisoma habari za bodaboda wa hapo juu aliyefika mwezi wa kumi, sioni tofauti.

Mkataba_wa_Damu:
Kwa hiyo mimi ni ng'ombe aliyekufa mwezi wa kumi. Sawa mkuu.

Msomaji_wa_Usiku:
Samahani kaka, sikukusudia. Wewe ni mwenye ng'ombe.

Mwalimu_Chaki:
Mimi nafundisha sekondari ya kata. Nataka niseme kuhusu watoto, maana wote mnaongelea wazazi na humu kuna imani kwamba mtoto akisoma itakwisha.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na 2022 ikafutwa kidato cha tano na sita. Nimeona kwa macho yangu wanafunzi waliokuja ambao zamani wasingekuja, sitaki mtu adharau hilo. Lakini kila mwaka ninaye mmoja au wawili wanaofaulu, wanapangiwa bweni mkoa wa mbali, halafu hawaendi. Mzazi anakuja na fomu ya kujiunga mkononi: godoro, shuka, ndoo, sare jozi mbili, viatu, jembe au reki, rimu ya karatasi, nauli. Kila kitu peke yake kinanunulika. Vyote siku moja havinunuliki. Mwaka jana kijana wangu bora wa hisabati aliripoti wiki sita baadaye, na wenzake walishamaliza mada mbili. Mwingine hajaripoti mpaka leo, ni konda wa daladala na anajumlisha nauli kichwani kwa kasi ya ajabu.

Anayelipiwa shule binafsi hajui kwamba siku ya kuripoti ni mtihani. Kwake ni safari tu.

Muuza_Duka_Buza:
Mwalimu umenichoma. Huyo mama wa chapati ana kijana yuko kidato cha nne.

Wakuu, nimesoma wote. Nina wazo, mnikosoe. Nifungue daftari la kibubu hapa dukani. Mteja anapokuja kununua jero, akiweza anaacha mia mbili au mia tatu, naandika. Ikifika bei ya kilo tano za sukari au lita tano za mafuta, anachukua kwa bei ya jumla niliyonunulia mimi nikaongeza kidogo. Faida ya vifuko nitaikosa, lakini nadhani nitapata wateja.

Mama_Kikoba:
Baba, hela za watu ni moto. Duka likiungua? Ukifa? Andika daftari mbili, moja akae nayo mteja.

Afisa_Mikopo_Mstaafu:
Sikiliza hilo la daftari mbili. Na usizungushe hela yao kununulia mzigo wako hata siku moja. Utaanza na elfu ishirini ya Ijumaa, utamaliza umezima simu.

Mzee_wa_Nidhamu:
Sasa hapo ndipo ninapoongelea nidhamu. Jaribu.

Muuza_Duka_Buza:
Nimerudi wakuu, wiki saba zimepita. Samahani kwa ukimya.

Walianza wanawake kumi na moja na babu mmoja muuza kahawa. Nane bado wanaweka. Watatu walichukua hela zao kabla hazijafika, wote kwa sababu ya hospitali au kodi, nikawapa bila maneno. Mmoja alihama. Babu wa kahawa ndiye wa kwanza kubeba kilo tano za sukari. Alizibeba kichwani akapita nazo mbele ya kijiwe chote, ingawa kwao ni upande wa pili.

Faida ya vifuko imepungua, sitawadanganya. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili kama ninagombea udiwani.

Mama wa chapati alifikisha Jumatano iliyopita. Akachukua sukari kilo tano. Jumamosi alfajiri alikuja na mfuko, mtoto mdogo ana homa, akaniomba ninunue kilo tatu alizobakiwa nazo. Nikamrudishia kwa bei ile ile niliyomuuzia. Jumatatu alikuja kununua robo mbili za sukari kama kawaida, akaacha na mia mbili ya daftari.

Mkataba_wa_Damu:
Mtoto anaendeleaje?

Muuza_Duka_Buza:
Amepona, yuko hapa nje anacheza na ndoo yangu ya mkaa.